Kila Baada ya Saa Mbili

Mwaka 1917 mchimba makaa ya mawe, kijana mwenye miraba minne, aliletwa katika hospitali ya majeruhi wa migodini mjini Königshütte. Mji huo siku hizo ulikuwa Ujerumani. Leo uko Poland na unaitwa Chorzów. Ajali ya mgodini ilikuwa imemvunja mgongo, naye hakuwa tena na habari na miguu yake. Madaktari walizirudisha pingili mahali pake, wakamfunga plasta, wakamlaza pembeni nyuma ya pazia. Hospitalini hapo alikuwepo kijana wa kujitolea, aliyemaliza shule karibuni na kusubiri kuingia chuo cha udaktari. Alipoanza kuandika maelezo marefu ya mgonjwa huyo, daktari alimwambia asijisumbue: wiki chache zijazo mtu huyo atakuwa maiti.

Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya wiki tano hivi mchimba makaa alifariki. Hakuuawa na mgongo. Aliuawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo yaliyoingia kwenye damu. Kijana wa kujitolea, Ludwig Guttmann, hakumsahau mtu yule maisha yake yote.

Daktari aliyesema maneno yale hakuwa katili. Alikuwa akirudia hukumu ya maelfu ya miaka. Mwaka 1862 Mmarekani Edwin Smith alinunua mjini Luxor, Misri, hati ndefu ya mafunjo iliyonakiliwa yapata mwaka 1600 KK kutoka maandishi ya kale zaidi. James Henry Breasted alipoitafsiri na kuichapisha mwaka 1930, ulimwengu uligundua kwamba ni kitabu cha upasuaji. Kina maelezo ya majeruhi 48, kuanzia kichwani kushuka chini. Wa 31 ameteguka pingili ya shingo: mikono na miguu haina fahamu, mkojo unamtiririka mwenyewe hajui. Mganga wa Misri aliona vizuri sana. Alijua kwamba pigo la shingoni ndilo lililonyamazisha miguu. Kisha akaagiza kwamba huo ni ugonjwa usiotibiwa.

Katika karne ya 2 Galen wa Pergamon, aliyewahi kuwatibu wapiganaji wa uwanjani, alifanya majaribio kwa wanyama. Akaona kwamba mshipa mkuu wa fahamu, ule unaopita katikati ya pingili, ukipasuliwa kwa urefu mnyama hapoozi. Ukikatwa kwa upana, kila kilicho chini ya mkato hufa ganzi na kupooza, na mkato wa juu sana shingoni huzima pumzi. Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius, bahari hii hii yetu ya Hindi, alisogeza mbele ujuzi huo katikati ya karne ya 19. Alionyesha kwamba mshipa ukikatwa nusu tu, upande uliokatwa hupoteza nguvu, na upande wa pili hupoteza hisia ya maumivu na ya joto. Maana yake nyuzi za maumivu huvuka upande ndani ya mshipa huo kabla ya kupanda ubongoni.

Ujuzi ulikua, watu wakaendelea kufa. Mshipa huo ni mwembamba kuliko kidole cha mwisho, na urefu wake ni kama sentimita 45 tu. Unapopigwa, balaa haliishii kwenye pigo. Damu huvuja, uvimbe hubana, na kwa saa na siku zinazofuata seli zilizosalimika huendelea kufa, hadi panapobaki shimo na kovu. Mwenye jeraha hilo hasikii kiti kinapomkandamiza wala kibofu kinapojaa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari wa upasuaji wa Kimarekani Harvey Cushing aliandika kwamba asilimia 80 ya askari waliojeruhiwa hivyo walikufa katika wiki za mwanzo. Wengi walikwenda kwa njia ile ile ya mchimba makaa: kidonda na mkojo.

Guttmann alisoma udaktari, akawa msaidizi wa bingwa Otfrid Foerster mjini Breslau. Mwaka 1933 sheria za Wanazi zikawafukuza Wayahudi katika hospitali za umma, naye akahamia Hospitali ya Wayahudi ya mji huo huo. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, masinagogi yalipochomwa moto nchi nzima, aliamuru kila mwanamume atakayekimbilia hospitalini apokewe bila kuulizwa. Wakaingia 64. Asubuhi Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walifika kudai maelezo. Guttmann aliwatembeza kitanda kwa kitanda, kila mmoja akimtajia ugonjwa, na 60 wakanusurika kupelekwa kambini. Machi 1939 alifika Oxford, Uingereza, na mke wake na watoto wawili.

Vita vilipopamba moto, serikali ya Uingereza ilijua kwamba siku ya kuivamia Ulaya italeta majeruhi wengi wa uti wa mgongo. Ikamwomba Guttmann aanzishe kitengo katika hospitali ya Stoke Mandeville, nje kidogo ya mji wa Aylesbury. Kilifunguliwa tarehe 1 Februari 1944, vitanda ishirini na ushei katika mabanda ya muda. Wenzake walimshangaa. Kupewa wodi ya watu wasiotibika kulionekana kama kuzikwa ungali hai.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu kilichofanyika katika wodi ile hakikuhitaji mashine yoyote. Wagonjwa walifika na gamba la plasta, na chini ya plasta nyama ilikuwa imeoza. Guttmann aliikata plasta akaitupa. Akaagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Wahudumu walikwenda pamoja, wakamnyanyua mtu mwili mzima ili mgongo usijipinde, wakamlaza ubavu, kisha chali, kisha ubavu wa pili. Mito iliwekwa katikati ya magoti, chini ya mashavu ya miguu, mahali popote mfupa ulipotaka kugusana na mfupa mwenzake. Kabla ya kumwacha walimkagua visigino, nyonga na kifandugu, wakitafuta doa jekundu lisilofifia kwa kidole. Uzito wa mwili unapoibana ngozi juu ya mfupa, damu haipiti, na ngozi isiyopata damu kwa saa kadhaa hufa. Mimi na wewe hujigeuza usingizini bila kujua. Aliyepooza hana wa kumgeuza ila mwenzake.

Usiku wa manane Guttmann mwenyewe alikuwa akitokea wodini kuhakikisha. Alikuwa mkali, asiyevumilia uzembe, na wagonjwa waliomwogopa ndio hao hao waliomwita Poppa, yaani baba. Kuhusu mkojo alishikilia kwamba mpira wa kutolea mkojo usiachwe ndani siku nenda rudi. Uingizwe kwa usafi kamili, kibofu kimwagwe, utolewe. Penisilini nayo ilikuwa imeanza kupatikana. Haki imtaje pia Donald Munro wa Boston, aliyefungua kitengo chake mwaka 1936 na kuthibitisha kabla ya wengine kwamba watu hawa wanaweza kuishi. Guttmann aliongeza jambo moja: kuishi peke yake hakutoshi. Akaweka karakana za useremala na za kutengeneza saa, akawapeleka wagonjwa kufanya kazi kabla hawajajiona tayari, na kuwaingiza michezoni.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya London, watu 16 waliokaa kwenye viti vya magurudumu, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kurusha mishale kwenye nyasi za Stoke Mandeville. Mwaka 1952 wakaja Waholanzi. Mwaka 1960 mashindano yalifanyika Roma, wanamichezo 400 kutoka nchi 23, na leo michezo hiyo inahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Medali ya kwanza ya dhahabu ya Uingereza ilichukuliwa na Margaret Maughan, mwalimu aliyevunjika mgongo kwa ajali ya gari mwaka uliotangulia huko Nyasaland, Malawi ya leo. Mwaka 1972 michezo ilikwenda Heidelberg, katika nchi iliyomfukuza Guttmann, na humo Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa washiriki.

Guttmann hakuponya mshipa uliokatika. Aliwaweka hai wenye mshipa huo, na bila wao utafiti usingekuwa na mtu wa kumtibu. Historia hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba imetokea maabara peke yake. Mimi naona sehemu yake kubwa imeandikwa na wauguzi, zamu baada ya zamu.

Maabara nayo ilikuwa na ukuta wake. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, mshindi wa Nobel wa mwaka 1906, alitazama kwa darubini nyuzi za fahamu zilizokatwa. Za mkononi na mguuni huota tena polepole. Za ubongo na za uti wa mgongo huchipua kidogo, zikagonga kovu, zikakata tamaa. Vitabu vya baadaye vilinukuu hitimisho lake la huzuni na kusahau kwamba aliiachia sayansi ya kesho kazi ya kulibatilisha, na kwamba mwanafunzi wake Francisco Tello alikwisha kuonyesha mwaka 1911 kwamba nyuzi za ubongo huingia ndani ya kipande cha neva ya mguu kikiwekwa karibu nazo.

Kwa karibu miaka 70 hakuna aliyelifuata jambo hilo kwa uthabiti. Mwaka 1980 na 1981, Albert Aguayo, Mwargentina aliyefanya kazi Montreal, pamoja na wenzake Peter Richardson na Samuel David, walipandikiza vipande vya neva ya mguu katika uti wa mgongo wa panya. Nyuzi za uti wa mgongo, zile zilizosemwa haziwezi, ziliota kama sentimita 3 ndani ya kipande hicho. Zilipotoka upande wa pili na kukutana tena na mazingira yao ya asili, zikasimama. Kumbe uwezo upo. Kinachokosekana ni njia.

Nani anaifunga njia? Huko Zürich, Martin Schwab alionyesha mwaka 1988 kwamba ule utando wa mafuta unaozifunika nyuzi, unaoitwa mayelini, una kemikali zinazokataza ukuaji. Mwaka 1990 yeye na Lisa Schnell waliwapa panya kingamwili dhidi ya kemikali hizo, na baadhi ya nyuzi zikavuka eneo la jeraha. Kemikali kuu ikapewa jina Nogo. Kutoka panya wale hadi majaribio makubwa ya binadamu, matokeo yakichapishwa katika muongo huu, imepita zaidi ya miaka 30. Waliopewa dawa, kwa ujumla wao, hawakuwazidi wasiopewa kwa nguvu za mikono. Wale ambao jeraha lao halikuwa kamili walionyesha dalili ya kufaidika, na utafiti unaendelea kwao. Ndivyo kazi hii ilivyo, nayo inastahili heshima hata inapokataa kutupa tunachokitaka.

Njiani yapo mafunzo machungu. Mwaka 1990 jaribio kubwa la Marekani lilitangaza kwamba dozi nzito ya methiliprednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, ikitolewa ndani ya saa 8 za ajali, husaidia. Habari ilienea upesi, na hospitali nyingi zikaifanya sheria. Baadaye wataalamu walizipitia takwimu, wakaona faida ni ndogo na yenye shaka, huku maambukizi na kutokwa damu tumboni vikiongezeka. Mwaka 2013 vyama vya madaktari wa upasuaji wa ubongo Marekani vilishauri isitumike. Upasuaji wa mapema umesimama vizuri zaidi: Michael Fehlings na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba kuuondolea mshipa mbano ndani ya saa 24 humpa majeruhi nafasi bora.

Breslau, mji ambao Guttmann aliwaficha watu 64, leo ni Wrocław ya Poland. Humo mwaka 2012 daktari Paweł Tabakow alimpasua Darek Fidyka, aliyepooza tangu alipochomwa visu mwaka 2010. Wazo lilitoka kwa Geoffrey Raisman wa London. Neva ya pua ni ya ajabu: nyuzi zake hujiotesha upya maisha yote, zikiingia ubongoni kila siku, kwa sababu zina seli maalumu za kuzifungulia mlango. Tabakow alifungua fuvu, akatoa moja ya sehemu za ubongo zinazopokea harufu, akazikuza seli hizo maabara, kisha akazidunga juu na chini ya jeraha. Pengo la milimita 8 akaliziba kwa vipande vya neva kutoka kifundo cha mguu. Mgonjwa alirudishiwa baadhi ya hisia na nguvu, akatembea kwa kushikilia kiunzi, baada ya mazoezi ya saa nyingi kila wiki. Habari ilipotoka mwaka 2014 magazeti yalipiga kelele za muujiza. Huyo ni mtu mmoja, na mtu mmoja hathibitishi tiba. Raisman alifariki mwaka 2017 kazi haijakamilika.

Mlango mwingine ulifunguliwa na umeme. Tangu 1911 Mskoti Thomas Graham Brown alikwisha kuona kwamba paka aliyekatwa uti wa mgongo bado hupiga hatua kwa mpigo, bila amri ya ubongo. Uti wa mgongo una akili yake ya kutembea. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Montreal waliwafundisha paka kama hao kutembea tena juu ya mkanda unaozunguka. Reggie Edgerton wa Los Angeles na Susan Harkema wa Louisville wakalileta wazo hilo kwa binadamu. Desemba 2009 walimwekea Rob Summers, mchezaji wa besiboli aliyegongwa na gari, kifaa chenye elektrodi 16 juu ya utando wa mshipa wake. Umeme ulipowashwa alisimama kwa miguu yake dakika kadhaa, na baadaye akaweza kuvisogeza vidole vya miguu kwa hiari. Ripoti ya mwaka 2011 ilishangaza kila aliyesomea udaktari: jeraha lililoandikwa kuwa kamili kwa upande wa nguvu za misuli huenda lilikuwa na nyuzi chache zilizo hai, zilizohitaji kuamshwa.

Mwaka 2018 vikundi vya watafiti vya Louisville, kliniki ya Mayo na Lausanne, Uswisi, viliripoti watu waliotembea kwa msaada wa umeme na mazoezi. Mwaka 2023 Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch wa Lausanne waliunganisha ubongo wa Mholanzi Gert-Jan Oskam na kifaa kilichoko mgongoni mwake, kwa mawimbi yasiyo na waya. Akifikiria kupiga hatua, mguu unanyanyuka. Mwishoni mwa 2024 Marekani iliidhinisha kifaa kinachobandikwa juu ya ngozi ya shingo, bila upasuaji, baada ya jaribio la watu 60 waliopooza mikono ambapo asilimia 72 walipata nafuu ya nguvu na ya utendaji wa mkono. Kushika kikombe, kufunga kifungo: ukiwauliza waliopooza mikono, wengi hutaja hayo kabla ya kutembea.

Sasa turudi kwetu. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba Kaskazini Mashariki mwa Tanzania kuanguka ndiko kunakoongoza kuvunja migongo, mbele ya ajali za barabarani. Anayejua Kilimanjaro na pwani hatashangaa: watu hupanda miti kukata majani ya ng'ombe, kuangua maembe, kugema na kuangua nazi. Barabarani zipo bodaboda. Utafiti huo ulitaja pia vidonda vya kulalia kati ya madhara makubwa waliyoyapata wagonjwa. Ni kile kile kidonda cha Königshütte, miaka 100 baadaye.

Kenya ina hospitali ya umma iliyotengwa kwa majeruhi wa uti wa mgongo, jijini Nairobi, na kwa muda mrefu vitanda vyake vimekuwa vichache mno kwa nchi nzima. Mwaka 2012 Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza kwa risasi ya majambazi, alianza safari kwa kiti cha magurudumu kutoka Nairobi kuelekea Afrika Kusini, ambako huduma za utengamao zilikuwepo. Kusudi lilikuwa kuwachangisha Wakenya fedha za kujenga kituo chao wenyewe. Picha za mwanamume yule akisukuma magurudumu kando ya malori ziliwagusa watu wengi, na michango ikamiminika.

Lakini si kila kitu kinasubiri jengo. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Michigan alithibitisha kwamba mgonjwa anaweza kujiingizia mpira wa mkojo mwenyewe, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni na maji, bila kuhitaji usafi wa chumba cha upasuaji, na kibofu na figo zake zikabaki salama. Huo ni ujuzi wa bei nafuu unaoweza kufundishwa Lindi, Bujumbura au Goma. Huko Moshi, chuo cha TATCOT kinafundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti vya magurudumu kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika. Kiti kisichomfaa mtu humtengenezea kidonda. Kinachomfaa humrudisha sokoni, shuleni na kazini.

Kwa hiyo, msomaji, ukimkuta mtu ameanguka mtini au ametupwa na pikipiki na anasema hasikii miguu, usimwinue kwa makwapa na usimpakie mgongoni mwa bodaboda. Shikilieni kichwa na shingo visigeuke, mwekeni juu ya ubao au mlango mkiwa watu kadhaa, mwili ukiwa umenyooka, ndipo asafirishwe. Akishalazwa, waulize wauguzi atageuzwa lini, na kama wodi ina muuguzi mmoja kwa wagonjwa 30, jifunze kwake namna ya kumgeuza, umshikie zamu ndugu yako. Na ninyi mnaopanga bajeti za hospitali za mikoa na kaunti, magodoro yanayofaa, mipira ya mkojo na wauguzi wa kutosha wa zamu ya usiku viingizwe kwenye orodha ya mwaka huu.